Upana wa Unywele

Jumanne, saa moja na nusu usiku, Kirkcaldy.
Chumba cha nyuma cha klabu ya wavingirisha tufe,
hita inakohoa, haipashi,
na Struan anatandika jangwa
juu ya meza mbili zisizolingana kimo.
Jangwa lenyewe ni blanketi.
Vilima ni vitabu vya simu chini ya blanketi.
Nyasi ni unga wa mbao uliotiwa rangi,
kwa hiyo hapa ndovu wakipigana
nyasi haziumii.

Murdo ana Kartago. Mimi nina Roma.
Nimechelewa kujifunza vita. Kwetu nilichungulia bao
juu ya mabega ya wajomba,
nikihesabu kete kwa midomo iliyofumbwa,
kwa kuwa hakuna aliyesema, Tunu, njoo ukae.
Hapa Greer alinivutia kiti siku ya kwanza,
akanipa vikosi vinne na rula yenye ufa,
akasema, Warumi hao, watazame, hawana adabu.

Bao ni hesabu tupu. Ukishindwa, umeshindwa wewe.
Huku kuna dadu,
na dadu haina mjomba.

Askari wetu ni wa risasi
na hawana risasi.
Karibu wote wa Kartago Murdo aliwapaka rangi mwenyewe
alipokuwa tarishi wa posta, usiku, baada ya barua za watu,
kwa brashi ya nywele tatu:
nyusi, kamba za viatu,
farasi mweupe kwenye ngao isiyozidi ukucha wangu.
Sasa mkono wake wa kulia unatetemeka
kama kifuniko cha sufuria inayochemka.
Akisogeza safu ya mikuki, watatu huanguka.
Struan hutazama dari. Greer humimina chai.
Mimi husema, upepo huo,
ingawa dirisha limepigiliwa misumari tangu Februari.
Tunawasimamisha. Hakuna anayeuliza.

Raundi ya sita. Ndovu wake wanne
wametokeza nyuma ya vitabu vya simu
wakiielekea safu yangu ya kati, iliyochoka.
Wakifika, nimekwisha, nitawahi basi.
Murdo anavuta utepe wa kupimia.
Utepe unacheza mkononi mwake kama mkia wa mjusi uliokatika.
Nainama. Naona mwanga
kati ya mkonga wa kwanza na ngao yangu,
mwembamba, upana wa unywele.
Nasema, Wamefika.

Kimya. Hita nayo.
Anavua miwani, anaipangusa kwa ncha ya tai,
anaweka kidevu mezani, kimo kimoja na askari,
jicho moja kalifumba.
Hawajafika.
Murdo, wamefika.
Tunu, anasema, miaka thelathini na moja nimepeleka barua.
Najua kilichofika na kisichofika.

Basi ndovu wanasimama uwandani
mbele ya mikuki yangu.
Natupa dadu huku nikiziombea mabaya,
nazo zinaleta sita, sita, tano, sita.
Hazijawahi kunipenda hivyo.
Ndovu wanageuka. Wanapita katikati ya wapiga teo wao,
wanamkanyaga jemadari wao na kibendera chake,
na Murdo anacheka mpaka anashika ukingo wa meza.
Anawalaza wafu wake mmoja mmoja
kwa mkono ule ule,
na safari hii wanaoanguka
ni wale aliotaka waanguke.

Kituoni, nikingoja basi la kiwanda cha mikate,
zamu ya saa nne,
natia mkono mfukoni kutafuta nauli
napata mtu.
Mpiga teo, rangi bado inanuka, kazi ya baridi hii:
jicho moja limekaa mahali pake,
la pili limeteremka shavuni.
Sijui kama nilimchukua kwa haraka ya kufungasha
au kuna aliyemtia.
Jumanne nitamrudisha.
Kwa sasa namhamishia mfuko wa kifuani,
kichwa nje,
aone basi likija.